Mkoba wa Siku Moja Serengeti

Kutoka Nyalikungu, kupitia Bariadi na Lamadi, hadi lango la Ndabaka la Hifadhi ya Taifa ya Serengeti ni zaidi ya kilomita 100. Pakieni maji ya kunywa na ya udhu, tende, chapati, kofia za watoto na mswala. Mifuko ya plastiki ya kubebea ibaki. Imepigwa marufuku tangu 2019. Akina mama wachague mavazi ya stara yenye rangi ya udongo, kwani mbung'o hufuata nyeusi na buluu.

Hifadhini hairuhusiwi kushuka garini isipokuwa mahali palipotengwa. Basi mwafikiane na dereva mapema mahali pa kupumzikia, ili Adhuhuri na Alasiri ziswaliwe kwa kukusanya na kupunguza. Kuwatazama wanyama kusitusahaulishe Aliyewaumba.