Shajara ya Tangi la Furu

9 Januari 2025, Bariadi
Tangi la lita 120 limejaa maji ya kisima, kokoto zimetandazwa, sponji ya kuchuja inaendeshwa na pampu ya hewa. Samaki bado. Ndani ya sponji nimebana kipande cha sponji chakavu kutoka tangi la rafiki yangu wa Mwanza. Kimesafiri kikiwa kimelowa, maana bakteria wanaokaa humo wakikauka hufa. Kila jioni natupia chembe chache za chakula zioze, zitoe amonia ya kuwalisha.

28 Januari
Amonia inashuka, nitriti imepanda. Kipimo cha matone kimegeuka zambarau. Kundi la kwanza la bakteria, la kugeuza amonia kuwa nitriti, limeanza kazi; la pili, la kugeuza nitriti, bado linazaliana. Vitabu vya zamani vilimtaja Nitrobacter kuwa ndiye anayemalizia kazi ya kugeuza nitriti kuwa nitrati. Utafiti wa 1998 ulionyesha kuwa kwenye matangi ya samaki kazi hiyo hufanywa hasa na Nitrospira. Nitriti ikiingia damuni huizuia isibebe oksijeni: damu hugeuka ya kahawia na samaki hutweta juu ya maji. Nitasubiri.

17 Februari
Amonia hakuna, nitriti hakuna. Furu wameingia leo, kutoka kwa mvuvi wa Lamadi. Hawa ni mabaki ya ukoo mkubwa: sangara alipandikizwa Ziwa Victoria miaka ya 1950 na 1960, na kufikia miaka ya 1980 aina nyingi za furu zilikuwa zimetoweka. Ndiyo maana sitaki hata mmoja afe kwa sababu ya maji machafu.

5 Machi
Umeme ulikatika jioni, ukarudi alfajiri. Bakteria hawa wanahitaji hewa kama samaki wenyewe, kwa hiyo kila nilipoamka nilichota maji kwa kikombe na kuyamwaga kutoka juu. Asubuhi amonia haikuonekana. Sponji nimeikamua ndani ya ndoo ya maji ya tangi lenyewe. Maji ya bomba yenye klorini yangewaua niliowalea tangu Januari.

22 Machi
Nitrati imefika miligramu 60 kwa lita, ingawa nabadilisha robo ya maji kila wiki. Leo nimepima maji ya kisima chenyewe: 25. Hesabu imejieleza: nikitoa robo ya maji yenye 60 nikaweka ya 25, nabaki na 51, na hata nikibadilisha kila siku sitashuka chini ya 25. Kisima ni kifupi na zizi la ng'ombe liko upande wa juu. Mbolea huoza, bakteria wa udongoni huigeuza kuwa nitrati kama wanavyofanya wa sponji yangu, mvua huishusha kisimani. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha 50 kwa maji ya kunywa, kwa ajili ya watoto wachanga hasa. Nimemwambia mama mwenye nyumba. Tumekubaliana zizi lihamishiwe upande wa chini.

Nimening'iniza mashina ya matembele ukingoni mwa tangi, karibu na dirisha, vifundo vikiwa majini, yanyonye nitrati. Masika yameanza, nakinga maji ya bati nichanganye na ya kisima.

20 Aprili
Mizizi ya matembele imeshuka, myeupe, minene kama nyuzi za pamba. Nitrati ni 15. Majani nayakata kabla hayajanyauka, kwa kuwa jani likiozea majini hurudisha kila lilichochukua. Tuliyakaanga jana na kitunguu. Jike mmoja hali chakula, kidevu kimevimba: amebeba mayai mdomoni.

Mto Simiyu unabeba udongo na mbolea za mashamba yetu hadi Ghuba ya Speke, na mafunjo ya kandokando ya ziwa hufanya kazi ileile ya matembele haya. Kikao cha mtaa kikifika kwenye mazingira, nitakwenda na vipimo vyangu nieleze kwa nini mafunjo yasifyekwe kupisha mpunga.