Gasketi ya Datsun Yetu

Nchi ya chai ni nchi ya vilima na mvua, na vyote viwili huila ekzosi. Ukitoka Kericho mjini kuelekea Chemosit na Litein, barabara hupanda na kuteremka katikati ya mashamba, karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Gari hupanda likihema, injini imepata moto kwelikweli, halafu alasiri mbingu inafunguka, mara nyingi kwa mvua ya mawe, na maji baridi yanarukia chuma kilichokuwa kinaunguza. Chuma kinatanuka, kinanywea, kinatanuka tena. Kule kwetu hali hii ilikuwa ya karibu kila siku, na gasketi iliyobanwa kati ya injini na manifodi, mabomba ya chuma yanayopokea moshi wake, ilikuwa na kiwango chake cha kuvumilia.

Tulikuwa na pikapu ya Datsun 1200, miaka ya 1980. Wakati ule jina la Datsun lilikuwa kubwa. Shekhar Mehta alikuwa ameshinda Safari Rally mara nne mfululizo, 1979 hadi 1982, akiendesha Datsun, na sisi vijana tulikuwa tumefuata habari hizo kwenye redio ya Sauti ya Kenya mpaka betri zikaisha. Ya kwetu haikuwa gari la mashindano. Ilibeba magunia ya majani mabichi ya chai hadi kituo cha kununulia, maana majani yakikaa guniani huanza kupata joto na kuharibika, na karani hayapokei. Ilibeba ndama, mbolea, mahindi, maiti, bibi harusi. Zaidi ya yote ilibeba wagonjwa. Kijijini kwetu, mtu akizidiwa usiku, walikuja kugonga dirisha la Baba.

Mlio ulianza msimu wa mvua ndefu. Asubuhi injini ikiwa baridi ilisikika tak-tak-tak, ukikanyaga mafuta mlio unaongeza kasi, na ukifika Kapkatet injini ikiwa na joto unapungua, karibu unapotea. Majirani walisema ni tapeti. Baba hakubishana nao. Alichukua kipande cha mpira wa maji, akaweka ncha moja sikioni na nyingine akaipitisha polepole kando ya manifodi, mahali kwa mahali, huku injini inanguruma. Alipofika karibu na silinda ya nyuma akaniita. "Kuja hapa, sikiza." Nikasikia pumzi inatoka kwa vishindo. Palepale kwenye ukingo kulikuwa na masizi meusi yaliyochorwa na moshi uliopenya. Injini ikipata joto chuma kilitanuka na kuuziba ule mwanya kidogo, ndiyo maana mlio ulififia. Mwanya wenyewe haukuwa umekwisha.

Angeweza kusubiri. Bonasi ya chai ilikuwa bado, na wakulima wengi wa kwetu waliahirisha matengenezo ya gari mpaka bonasi, kama walivyoahirisha mabati na karo. Kilichomfanya asisubiri ni maumivu ya kichwa. Mama alikuwa amemsindikiza jirani yetu mgonjwa hadi hospitali ya misheni pale Kaplong, usiku, mvua ikinyesha, vioo vyote vimefungwa. Walifika wote wawili vichwa vinawapasuka na Mama anasikia kichefuchefu. Waliamini ni kona na matuta. Safari nyingine ikawa vilevile, na aliyekaa nyuma juu ya magunia, kwenye upepo, hakuumwa na chochote. Baba aliliwaza jambo hilo kimya, kisha akalala chini ya gari na kurunzi. Ukuta kati ya injini na mahali pa abiria ulikuwa na matundu, pale raba za kupitishia nyaya zilipooza, na moshi wa ekzosi ulikuwa unaingia mbele kwa njia hiyo.

Ndani ya moshi huo kuna kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu. Hushikamana na damu kuliko hewa safi inavyoshikamana nayo, na mwili unanyimwa oksijeni mtu akiwa amekaa kitini tu. Kwa mwenye mimba, damu yake na ya mtoto huwa hatarini pamoja. Baba hakulijua jina la gesi hiyo wakati ule. Alijua tu kwamba gari la kupeleka watu hospitali lilikuwa linawaongezea ugonjwa njiani, na jambo hilo lilimkosesha usingizi.

Kazi aliijua. Ujana wake alikuwa taniboi kwenye malori ya majani, kisha msaidizi katika gereji ya fundi mmoja Kalasinga mjini Kericho. Mafundi Wasikhi walikuwa na sifa kubwa katika mji ule, na mpaka leo nikiona gurudwara yao kubwa pale Kericho namkumbuka mzee aliyemfundisha baba yangu kushika spana. Gasketi aliinunua duka la spea mjini, na kabla ya kulipa aliitoa kwenye karatasi, akaipima kwa macho na kwa vidole, tundu baada ya tundu. Kwenye injini ile njia ya kuingizia mchanganyiko wa petroli na hewa na njia ya kutolea moshi ziko upande mmoja, zinabanwa kwa gasketi moja ndefu. Kwa hiyo huwezi kugusa ekzosi bila kusumbua kabureta. Jirani mmoja, kwa nia njema, alileta karatasi ya alumini iliyotoka ndani ya sanduku la chai, akasema ikunjwe mara kadhaa na ikatwe. Baba alimshukuru akaiweka kando. Alisema karatasi ile ingebanwa vizuri siku ya kwanza na kuungua siku ya pili, kisha tungejidanganya kuwa tumetengeneza.

Stadi, bolti zinazoshikilia manifodi, ndizo zilizochukua muda. Kichwa cha injini ile ni cha alumini na stadi ni za chuma kigumu, na mvua ya miaka ilikuwa imezishikamanisha na nati. Ukilazimisha, stadi inatoka na nyuzi za alumini, au inakatika ndani, na hapo kazi ya nyumbani inageuka kazi ya mashine mjini. Jioni baada ya jioni, injini ikiwa baridi, Baba alidondoshea kila nati mafuta ya taa yaliyochanganywa na oili kidogo, akaigonga kichwani kwa nyundo ndogo, akaenda kukamua ng'ombe. Siku ya kufungua aliingiza spana nambari 12 kwenye nati na, kwa mshangao wangu, akaanza kwa kuikaza. Kidogo sana, mpaka kutu ikavunjika kwa mlio mkali. Ndipo akarudisha nyuma robo, akakaza tena, akarudisha nusu. Nati moja ilitoka pamoja na stadi yake yote. Akaikagua nyuzi, akaona ni nzima, akatenganisha akairudisha.

Manifodi ilipotoka tulikuta gasketi ya zamani imeliwa kwenye kona ya silinda ya nyuma, imekuwa majivu yaliyoshikana. Kusafisha uso wa alumini alinikabidhi mimi, kwa sharti kwamba patasi isisogee karibu. Nilitumia kipande cha mti mgumu nilichokichonga bapa, na matambara yenye mafuta ya taa. Siku hizi ningelowesha kwanza, maana gasketi nyingi za zamani zilikuwa na asbestosi, na vumbi lake linaua mapafu taratibu, miaka mingi baadaye. Hakuna aliyetuambia. Mafundi walikuwa wanalipuliza kwa mdomo.

Kisha likaja jambo ambalo mpaka leo naliona kuwa ndilo lililoitofautisha kazi yake na ya wengi. Alichukua kipande cha kioo cha dirisha, akakipaka masizi yaliyochanganywa na oili, akaulaza uso wa manifodi juu yake na kuusogeza. Palipoinuka pakawa peusi, palipobonyea pakabaki pakavu. Chuma kilikuwa kimejipinda upande wa nyuma. Gasketi mpya peke yake ingedumu wiki chache. Akabandika msasa juu ya kioo na akaanza kuisugua manifodi, duara baada ya duara, akipima, akisugua, mpaka giza likaingia na Mama akaleta taa ya chemni.

Kufunga kulikuwa kwepesi. Nati zote kwa mkono kwanza, kisha spana, kuanzia katikati kwenda kwenye ncha, raundi kwa raundi, hakuna iliyokazwa mpaka mwisho kabla ya nyingine. Tukarudisha kabureta na waya zake. Yale matundu ya ukutani akayaziba kwa raba mpya. Injini ilipowaka nilitafuta ule mlio kwa mpira wa maji sikioni, sikuupata. Aliiacha ipate moto, akaizima, na asubuhi, ikiwa baridi kabisa, akazipitia nati tena. Karibu kila moja ilikubali kuzunguka kidogo, kwa sababu gasketi mpya hulala baada ya joto la kwanza.

Muda si mrefu mke wa jirani alishikwa na uchungu usiku, na ikaonekana lazima afikishwe hospitali ya Tenwek, ng'ambo ya Bomet. Mvua ilikuwa ya kuziba macho. Vioo vilifungwa tangu nyumbani, Litein, Kaplong, Bomet, Silibwet, hadi langoni mwa hospitali. Baba alikuwa akimuuliza Mama kila baada ya kilima: "Kichwa?" Naye anajibu: "Hakuna kitu. Endesha."

Siku hizi barabara zile zimejaa Toyota Probox. Nyingi hubeba abiria wengi kuliko viti vilivyomo, na ekzosi ya injini yake imekaa nyuma, inatazama ukuta unaotenganisha injini na watu. Nikipanda moja Kapkatet asubuhi ya baridi na kuusikia ule mlio, sinyamazi. Namwambia dereva ateremshe kioo chake hata kama kunanyesha. Wengine hukasirika, wanasema mzee anaogopa upepo. Kijana mmoja aliniuliza itamgharimu kiasi gani gereji. Nikamwambia anunue gasketi tu na aje nayo nyumbani Jumamosi, gari likiwa limelala baridi. Spana ninazo, na kioo pia.