Msomi Mpya Anahitaji Mtu wa Kumwuliza

Akina mama wenzangu, watoto wetu wanapomaliza vyuo tunashangilia siku ya mahafali kana kwamba safari imekwisha. Kumbe siku ya kwanza kazini ndipo safari nyingine inapoanza, na mara nyingi kijana huianza peke yake.

Mimi ni karani katika ofisi ya wakala wa forodha hapa Tunduma, mkoani Songwe. Ng'ambo ya mpaka ni Nakonde, Zambia. Malori ya mizigo hupita kwetu mchana na usiku, mengine yakipeleka shaba bandarini Dar es Salaam. Tangu Oktoba 2019, kilipozinduliwa Kituo cha Huduma kwa Pamoja Mpakani, lori linalokwenda Zambia hukaguliwa na maofisa wa nchi zote mbili upande wa Nakonde, na linaloingia kwetu hukaguliwa upande wa Tunduma. Dereva hasimami tena mara mbili. Lakini hati ikiwa na kosa, lori hulala palepale, na gharama huhesabiwa kila siku.

Katika kazi hiyo aliletwa binti mwenye shahada. Kompyuta aliijua kuliko sisi sote, ila alikuwa kimya mno. Wenzetu walimwita "msomi", na jina hilo lilimfunga mdomo. Msomi gani anauliza?

Wiki ya tatu nilimkuta ameandika uzito wa mzigo pamoja na vifungashio mahali panapotakiwa uzito wa mzigo wenyewe. Hati ilikuwa haijatumwa. Nilivuta kiti, nikamwonyesha namba zote mbili kwenye orodha ya mzigo, nikamwacha asahihishe mwenyewe.

Akaniambia polepole, "Mama, tangu asubuhi nilikuwa na shaka hapo. Niliona aibu kuuliza."

Basi tukapatana. Kila asubuhi, kabla madereva hawajajaa mlangoni, tulikaa dakika kumi na daftari lake la maswali. Kisha nikaacha kumpa kazi za vipandevipande. Nilimkabidhi faili moja tangu mwanzo hadi lori linapovuka, nami nikalipitia kabla ya kutumwa. Wateja wagumu walipokuja, alikaa kando yangu akisikiliza ninavyowajibu.

Siku moja dereva alimpa hela "ya soda" ili karatasi zake zitangulie. Binti alinitazama. Sikumjibia. Akasema kwa adabu, "Baba, rudisha hela yako mfukoni. Wewe ni wa nne, na zamu yako itafika." Jambo hilo halimo katika mtihani wa chuo chochote. Alilisikia kwa mtu aliyekaa karibu naye.

Mwenzangu mmoja aliniuliza, "Ukimfundisha yote, kesho si atakalia kiti chako?" Hofu hii ndiyo inayowanyima vijana wengi mafunzo. Tunaficha ujuzi kama akiba ya chakula wakati wa njaa. Lakini mwaka jana nilimwuguza mama yangu huko Vwawa kwa wiki mbili. Malori hayakunisubiri, yalivuka kwa mkono wa binti yule. Niliporudi, kiti changu kilikuwa kinaningoja, na mezani hapakuwa na faili lililolala.

Mama mpendwa, labda wewe ni mwalimu, mwuguzi, au karani wa benki. Akija kijana mgeni, usingoje akosee mbele za watu. Mtengee muda wa kuuliza. Mpe kazi kamili, nawe uipitie. Mrekebishe faraghani. Mwache aone unavyokataa lisilo haki.

Nawe mzazi, mwanao anapopiga simu kutoka kituo chake kipya, usiulize mshahara tu. Mwulize, "Nani anakuonyesha kazi?" Akinyamaza, ujue anahitaji msaada. Mtie moyo amwendee mkubwa mmoja aliye mwaminifu, kesho asubuhi, na swali moja tu la kuanzia.