Kibanda cha shitingi nyuma ya lori

Leo sileti habari ya mapigano. Nataka tuongee juu ya shitingi, na namna ya kuifunga nyuma ya lori ili familia ipate pa kulala.

Kazi ya redio hunipitisha mara nyingi kwenye barabara ya taifa nambari 2, ile inayotoka Goma kupitia Rutshuru, Kanyabayonga na Lubero hadi Butembo na Beni. Mwishoni mwa mwezi wa sita 2024, Kanyabayonga ilipoingia mikononi mwa M23, watu wengi walipanda kuelekea Lubero na Butembo. Wengi walitembea kwa miguu. Wengine walipata nafasi juu ya lori, wamekaa juu ya mifuko ya maharagwe. Lakini lori likikwama kwenye matope, abiria wote wanashuka, na giza linawakuta hapo hapo. Baridi ya Lubero mnaijua.

Dereva mmoja, mzee wa Butembo, ndiye aliyenionyesha kazi hii vizuri. Alipomaliza kufunga aliita juu: «Mama, shuka na watoto, nyumba iko tayari.» Nilicheka kidogo, lakini yule mama hakucheka. Alishuka, akapangusa matope miguuni kama mtu anayeingia kwake.

Kazi yenyewe ni hii. Shitingi ya msaada ambayo wengi wetu tunaijua, ile ya HCR, ina mita 4 kwa mita 5. Lori lina upana wa karibu mita 2 na nusu. Tandika upande wa mita 4 juu ya bodi, nyuma, na uache mita moja ilale juu ya mizigo. Hiyo mita moja inazuia maji yasipenye kati ya bodi na kibanda. Upana unaozidi uangushe kulia na kushoto kama pazia la kukinga upepo. Mita 4 zinazobaki zivute nyuma, mpaka kwenye miti miwili.

Miti hiyo iwe mifupi kuliko bodi, kwa nusu mita au zaidi. Usifunge shitingi ikalala sawa kama meza. Mvua ya milimita 10 juu ya mita 10 za mraba ni lita 100 za maji, yaani kilo 100. Zikijikusanya katikati, shitingi inapasuka au mti unawaangukia watoto. Ikiinama vizuri, maji yanateremka yenyewe, na ukitega chombo pembeni utajaza bido 5 za lita 20. Hayo ni maji ya kufua na kuoga.

Ardhi ya Lubero inachimbika. Kule Goma, penye mawe ya volkano, mti hauingii. Hapo simamisha mti ndani ya ringi kuukuu ya gari na uujazie mawe. Kamba ya kuvutia uifunge kwenye jiwe kubwa. Mahali pa kufungia, tumia kipande cha mpira wa ndani wa tairi. Upepo ukipiga, mpira unanyooka na kurudi, lakini kamba kavu inararua tundu la shitingi. Ukipigilia msumari kwenye ubao, weka kwanza kizibo cha soda chini ya kichwa cha msumari, ili shitingi isichanike.

Sasa sikilizeni vizuri, kwa sababu hapa ndipo watu wanaweza kufa. Bomba la moshi la magari mengi linatokea nyuma au ubavuni, karibu na hapo mlipolala. Injini isiwashwe hata dakika moja watu wakiwa ndani, hata kama dereva anataka kuchaji simu. Vilevile, mbabula isiingie ndani usiku. Makala yakishika vizuri hayatoi moshi wa kuonekana, lakini yanatoa hewa yenye sumu isiyo na harufu. Anayeivuta anasikia usingizi na kuumwa kichwa, na huenda asiamke. Pikeni nje, mbali na shitingi, maana plastiki inashika moto haraka. Upande wa nyuma uachwe wazi, hata kama baridi inauma. Jifunikeni pamoja, mkiwakalisha watoto katikati.

Mimi hubeba kinasa sauti, na watu husema nami wakiwa wima, mvua ikiwanyeshea, majibu mafupi mafupi. Usiku ule yule mama alikaa chini, akanyonyesha, ndipo akaanza kunieleza habari za shamba lake la mihogo na mume ambaye simu yake haikupatikana tena. Sikumuuliza swali hata moja. Kumbe mtu aliyepoteza nyumba akipata pembe moja kavu anarudiwa na maneno yake.

Kwa hiyo wenye malori, bebeni miti miwili na shitingi moja ya ziada. Haijazi nafasi. Wekeni mawe nyuma na mbele ya matairi kabla watu hawajalala. Na asubuhi, kabla dereva hajagusa ufunguo, mtu mmoja azunguke lori, achungulie chini yake, ahesabu watoto.