Wagonjwa 13
Mabadiliko ya jeni ya APOL1 yameenea zaidi kwa wenye asili ya Afrika Magharibi. Husaidia kukinga baadhi ya vimelea vya malale, lakini anayeyarithi kwa wazazi wote wawili anaweza kupoteza figo. Mwaka 2023 nilisoma matokeo ya jaribio la inaxaplin: kwa wagonjwa 13, protini inayovuja kwenye mkojo ilipungua kwa asilimia 47.6 katika wiki 13. Hapakuwa na kundi la kulinganishia, nami hukata maksi kwa kasoro ndogo kuliko hiyo. Hata hivyo nilifurahi.

Jioni ukaja ujumbe wa mchango: jirani yangu anasafishwa damu. Azimio la Helsinki linataka walioshiriki majaribio waandaliwe utaratibu wa kupata dawa baadaye. Jirani yangu hajawahi hata kupimwa jeni.