Vita vya Siku 105

Kwa miaka mingi nilipowafundisha watoto habari za Ufini nilipenda kukomea msituni. Nilieleza jinsi Urusi ya Kisovieti ilivyoishambulia nchi ile ndogo tarehe 30 Novemba 1939. Na jinsi Wafini, wamevaa mavazi meupe kama theluji, walivyoteleza juu ya mbao nyembamba zilizofungwa miguuni. Warusi, kwa vifaru vyao na magari yao, hawakuweza kuiacha barabara. Basi Januari 1940, katika njia ya Raate, Wafini walilikata jeshi lao vipande vipande, wakavizingira. Kila kipande walikiita motti, ndilo jina la kuni zilizokatwa zikapangwa kwa kupimwa. Hapo watoto hushangilia, maana kazi ya kuni waijua.

Mwaka huu msichana mmoja aliuliza, "Basi, Mwalimu, walishinda?"

Nilinyamaza kidogo, kisha nikaitandaza ramani. Februari Warusi waliivunja ngome ya Karelia kwa mizinga mingi, na tarehe 13 Machi vita vikakoma. Ufini ilibaki huru, lakini ilitoa karibu sehemu moja katika kumi ya ardhi yake, pamoja na mji wa Viipuri. Wafini 25,000 hivi walikufa. Zaidi ya 400,000 walihama makwao.

"Hao waliohama, walirudi?"

Nikamjibu ya kuwa wengi walirudi vita vilipozuka tena 1941, wakajenga, wakalima. Na 1944 wakafunga mizigo mara ya pili.