Lori la Kikopey

Kikopey nilikuwa nikiisikia midomoni mwa watu waliotoka kula nyama huko. Mara yangu ya kwanza kufika, kula hakukuwa kwenye mpango. Nilikuwa karani mpya katika ofisi ya mfilisi, na tulikuwa tukifuata lori la friji la kampuni ya kusambaza nyama, ambayo Mahakama Kuu ilikuwa imeamuru ifilisiwe.

Tulipoiacha Naivasha, Madam, mkuu wangu, alianza kunisimulia habari za Nakumatt, ile kampuni ya maduka makubwa. Ilianzia Nakuru kwa kuuza magodoro, ikakua hadi ikavuka mipaka ya Kenya. Januari 2018 mahakama iliiweka chini ya msimamizi, huku ikidaiwa zaidi ya shilingi bilioni 30. Matawi yake 6 ya mwisho yalinunuliwa na mshindani wake Naivas kwa shilingi milioni 422, na Januari 2020 wadai wakapiga kura ifungwe.

"Piga hesabu," akasema, "kisha uniambie kama kuna lori la kuachwa nyuma ya bucha."

Baada ya Gilgil, moshi wa mbuzi ulitufikia kabla ya vibanda vyenyewe, na chini kushoto Ziwa Elementaita likametameta. Lori tulilikuta limeegeshwa kando ya ukuta, magurudumu yamezuiwa kwa mawe. Dereva wake wa zamani alisimama mbele yake, mikono kifuani.

"Mama, gari hili silitoi. Nadai mshahara wa miezi mitatu. Nikilitoa, nitalipwa na nani?"

Nilitarajia Madam atoe amri ya mahakama mkobani. Badala yake aliomba kiti. Alimweleza kwamba chini ya Sheria ya Ufilisi ya 2015, mahakama inaweza kumwamuru yeyote aliyeshika mali, fedha au vitabu vya kampuni avikabidhi kwa mfilisi. Inaweza kumwita mtu ahojiwe kwa kiapo, na akikaidi, akamatwe. Hayo dereva alikuwa ameshayasikia. Asilolijua ni kwamba mshahara wa miezi 4 ya mwisho, usiozidi shilingi 200,000, hulipwa mara tu baada ya gharama za ufilisi, kabla ya kodi na kabla ya wafugaji waliotoa mbuzi kwa mkopo.

Ilinigusa sana. Yule mtu alikuwa ameshikilia chuma kinachooza kwa hofu ya kupoteza haki ambayo sheria ilikuwa imeshamwekea. Na angeliuza, angekuwa amekula jasho la wafugaji wasio na lori la kushikilia. Naamini hii ndiyo sababu mahakama imepewa mkono mrefu hivyo: kila mdai akijilipa kwa alichokikamata, anayebaki mikono mitupu ni mnyonge. Tulijaza fomu ya madai yake pale pale, juu ya meza ya kukatia nyama, kisha akatupa ufunguo.

Kazi ya pili, ya kukusanya deni la kampuni, ilikuwa ngumu zaidi. Vitabu vilionyesha kwamba mama mmoja mwenye hoteli hapo hapo hakuwa amelipia nyama ya miezi kadhaa. Alikasirika, akaingia ndani, akarudi na simu.

"Soma mwenyewe, mwanangu."

Jumbe za M-Pesa zilikuwa pale, moja baada ya nyingine. Alikuwa amelipa kila wiki, ila si kwa kampuni. Mkurugenzi alikuwa amempa namba yake binafsi, akimwambia ndiyo mpya ya ofisi.

Madam alinyamaza kidogo. Iwapo malipo hayo yalifuta deni la mama huyu, hilo ni la jaji. Lakini fedha zilikokwenda sasa kulijulikana, na mtu wa kuitwa mbele ya mahakama aeleze hakuwa yeye tena. Akamwomba achukue taarifa kamili ya M-Pesa na akubali kuapa kwamba ni ya kweli.

"Nitaapa hata leo," mama akasema, akifungua aproni.

Akapanda gari pamoja nasi, tukaelekea Nakuru kumtafuta kamishna wa viapo.